Mshauri, kundi, dawa au mchungaji: kuchagua msaada baada ya kiwewe, Nakuru hadi Kisumu

Anayenusurika balaa huku kwetu Kenya hakosi wa kumshauri. Mchungaji humwambia afunge na kuomba, shangazi humwambia asilizungumzie tena jambo hilo, mwuguzi wa zahanati humwandikia barua ya kumpeleka hospitali ya rufaa, na jirani aliyewahi kwenda kwa mshauri nasaha humpa nambari ya simu. Kila mmoja ana nia njema na kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini mhusika hubaki njia panda, akiwa hana fedha wala nguvu za kujaribu yote. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili yake, na zaidi kwa ajili ya ndugu anayemsindikiza, kwa kuwa mara nyingi huyo ndiye anayeamua waende wapi na ndiye anayelipa nauli.

Msimamo wangu niutaje mapema. Swali la njia ipi ni bora halijibiki kabla ya kujua ni muda gani umepita tangu tukio, na ni dalili ipi hasa inayomzuia mtu kuishi maisha yake. Njia inayofaa mwezi wa tano inaweza kumuumiza mtu wiki ya kwanza.

Kiwewe humfanya nini mtu

Wataalamu huzigawa dalili katika mafungu manne. La kwanza ni tukio kujirudia: jinamizi, picha zinazoingia akilini bila kualikwa, mwili kutetemeka kwa mlio au harufu inayofanana na ya siku ile. La pili ni kukwepa, ambapo mtu huacha kupita barabara fulani, hukataa kulitaja jina la marehemu, au huizima redio mara habari za uchaguzi zinapoanza. La tatu ni mabadiliko ya fikra na hisia, kiasi kwamba mtu hujilaumu kwa jambo asilolitenda, hupoteza imani na watu, na hushindwa kufurahia hata harusi ya mwanawe. La nne ni mwili kukaa macho muda wote: usingizi wa mang'amung'amu, hasira za ghafla, kushtuka mlango unapofungwa kwa kishindo. Dalili hizi zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuharibu kazi, masomo au ndoa, ndipo daktari huzungumzia ugonjwa wa kiwewe. Orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotumika tangu mwaka 2022 imeutambua pia ugonjwa wa kiwewe changamano, ambao aghalabu huwapata watu walioteswa au kudhulumiwa kwa muda mrefu, kwa mfano utotoni au ndani ya ndoa, na ambao kwa kawaida huhitaji msaada wa muda mrefu zaidi kuliko ajali ya siku moja.

Ni vyema kukumbuka kwamba wengi hupona wenyewe. Uchunguzi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi ulionyesha kwamba watu wapatao asilimia 70 hukumbana na tukio la kutisha maishani, ilhali wanaopata ugonjwa wenyewe ni takriban asilimia 5.6 ya hao waliokumbana nalo. Waliobakwa hupata ugonjwa huu kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko walionusurika ajali au mafuriko. Kwa hiyo, si kila anayelia usiku katika wiki ya pili anayehitaji tiba, na haifai kumwita mgonjwa mtu anayeomboleza.

Mwezi wa kwanza

Bwawa la Patel lilipopasuka huko Solai usiku wa tarehe 9 Mei 2018, watu zaidi ya 40 walikufa na familia nyingi zikabaki bila makao. Katika siku kama zile, manusura huhitaji kwanza mahali pa kulala, nguo kavu, habari za hakika kuhusu ndugu ambao hawajaonekana, na mtu mmoja mtulivu wa kukaa naye. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia imejengwa juu ya mambo hayo hayo, na kanuni yake hufundishwa kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Asiyetaka kusimulia halazimishwi.

Upande wa pili kuna kikao cha mara moja, ambapo manusura hukusanywa ndani ya siku chache na kutakiwa waeleze kwa kina kila walichokiona na walivyojisikia. Kikao hicho hupendwa na waajiri na shule kwa sababu huonekana kama hatua iliyochukuliwa. Mapitio ya tafiti yamebainisha kwamba hakizuii ugonjwa wa kiwewe, na Shirika la Afya Duniani haliupendekezi utaratibu huo. Kati ya viwili hivyo sioni sababu ya kusitasita: chagua huduma ya kwanza, uache masimulizi yaje yenyewe.

Hapa ndipo mila zetu zina nguvu ambayo hospitali haina. Kulala matanga humpa mfiwa watu usiku ambao usingizi haupo, humpa kazi za mikono, chakula, na ruhusa ya kulia mbele za watu. Lakini matanga hayawafikii wote. Katika jamii kadhaa za magharibi mwa Kenya, aliyejitoa uhai alizikwa kwa haraka bila sherehe, na mpaka leo familia yake hupata wageni wachache na maswali mengi. Wanaobaki na msiba wa namna hiyo wamenyimwa lile tegemeo la kwanza, hivyo wasingoje mwezi upite ndipo wamtafute mshauri.

Mambo mawili ya mwezi huu hayahitaji kulinganishwa na chochote. Aliyebakwa afike hospitalini ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Matibabu yatangulie, fomu ya polisi ya P3 inaweza kufuata, na nambari 1195 hupokea simu bila malipo kuhusu ukatili wa kijinsia. La pili, vidonge vya usingizi vya aina ya diazepamu, ambavyo baadhi ya watu hununua dukani bila cheti, havipendekezwi kwa mshtuko wa siku za mwanzo. Humlaza mtu usiku mmoja, kisha mwili huvizoea.

Mwezi ukipita na dalili zikabaki

Sasa ndipo uchaguzi wenyewe unapoanza. Nitaanza na mshauri wa ana kwa ana, kwa kuwa ndiye ninayempa nafasi ya kwanza, ingawa ndiye anayehitaji uangalifu mkubwa zaidi katika kumchagua.

Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe hufanya kazi kwa kanuni inayowashangaza wengi: badala ya kumsaidia mtu kusahau, humsaidia kukumbuka kwa utaratibu. Hofu hudumu kwa sababu kumbukumbu hukwepwa kila inapojitokeza, na akili haipati nafasi ya kujifunza kwamba jambo lile limepita. Kwa hiyo mshauri humfundisha mtu kwanza kutuliza pumzi na mwili, kisha humwongoza kuisogelea kumbukumbu kidogo kidogo, akichunguza naye mawazo kama "ningeondoka mapema wangekuwa hai". Kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 16, kila wiki kimoja. Kuna namna nyingine inayotokana na kazi iliyofanywa miongoni mwa wakimbizi, ikiwemo katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, ambapo mtu hulaza kamba chini kuwa njia ya maisha yake, huweka maua mahali pa furaha na mawe mahali pa machungu, halafu husimulia maisha yote kwa mpangilio. Walioendesha vikao vile vya Nakivale hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi waliofunzwa kazi hiyo.

Jambo hilo la mwisho ni muhimu kwa eneo letu, ambako daktari wa akili ni mtu wa kusafiriwa. Huko Bungoma, pamoja na Moshi nchini Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha watoto 640 waliofiwa na wazazi, na tiba ya kiwewe iliendeshwa na washauri wa kawaida waliopewa mafunzo na usimamizi. Watoto wa upande wa Kenya, wa mjini na wa kijijini, walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Kisumu nako wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi na waliopitia ukatili walipewa vikao 12 vya tiba inayoshughulikia mahusiano ya mtu na walio karibu naye, tena na watoa huduma wasio mabingwa, na dalili za unyogovu na za kiwewe zikapungua. Kwenye vitongoji vya Nairobi, wanawake walioonja ukatili walipewa vikao vitano tu vya dakika 90 na wahudumu wa afya ya jamii, vilivyolenga kutatua shida na kupunguza msongo. Nafuu ilikuwepo, ingawa ya wastani.

Tofauti kati ya hizi ndiyo inayopaswa kumwongoza mtu. Mwenye jinamizi na picha zinazorudi, na ambaye dalili zake zimefungamana na tukio moja, atafute tiba inayoisogelea kumbukumbu. Ambaye hawezi kabisa kusimulia, au ambaye shida yake kubwa ni kwamba baada ya tukio amegombana na kila mtu na amebaki peke yake, anaweza kuanza na ile ya mahusiano, ambayo haimlazimishi kurudia yaliyotokea. Ile fupi ya vikao vitano inamfaa mtu ambaye mzigo wake umechanganyika na kodi ya nyumba, karo na mume mlevi, na ambaye hana nauli ya miezi mitatu.

Kasoro ya mshauri ni kwamba mtu yeyote anaweza kuning'iniza kibao mlangoni. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa, kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu. Muulize amesajiliwa wapi, anatumia tiba ipi kwa kiwewe, inachukua vikao vingapi, na nani anayemsimamia. Akijibu kwamba "tutazungumza tu tuone", huyo anaweza kuwa mtu mwema wa kumtembelea, lakini tiba ya kiwewe haijaanza. Uliza pia lugha. Kisa kilichotokea kwa Kidholuo au kwa Kikalenjin kikisimuliwa kwa Kiingereza hupoteza uzito wake, na mtu anaweza kumaliza vikao vyote akiwa amesoma ripoti ya maisha yake bila kuigusa.

Kundi na jirani

Kundi la manusura ni rahisi kulipia na husaidia katika jambo ambalo mshauri mmoja haliwezi: aibu. Mtu aliyeungua katika moto wa lori la mafuta pale Sachangwan tarehe 31 Januari 2009, ambapo zaidi ya watu 100 walifariki, akikaa na mwingine mwenye makovu kama yake hahitaji kueleza kwa nini hapendi kutazamwa sokoni. Aidha, watu wetu wamezoea chama. Kukutana kila wiki, kuwa na mweka hazina na kanuni, si jambo la kufundishwa.

Shida ni siri. Nyalenda, Manyatta, Kaptembwo au Rhonda ni mitaa ambayo fundi wa viatu anamjua mama mkwe wako. Kilichosemwa Jumanne kikifika kwenye kisima Jumatano, madhara yake huzidi faida ya kundi zima. Kwa ukatili wa ndoa na kwa ubakaji ningechagua kundi lililo upande wa pili wa mji, au nisichague kundi kabisa mpaka baada ya vikao vya ana kwa ana.

Nakuru ina ugumu wake wa ziada, na hapa naomba msomaji avumilie nirefushe. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakahamishwa makwao. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru uligeuka kambi. Wengi walirudi kuishi jirani na watu wa jamii waliyoihusisha na mashambulizi, wengine nao wakihusishwa vivyo hivyo na majirani zao. Tangu wakati huo mashirika na makanisa yameandaa vikao vingi vinavyochanganya jamii, vinavyoitwa mara vya amani, mara vya uponyaji. Kazi ya amani ni ya lazima, lakini si tiba ya kiwewe, na kuzichanganya hizi mbili kumewaumiza watu. Katika kikao cha amani mtu hutarajiwa kusamehe, tena hadharani, tena kabla ya chakula cha mchana kufika. Katika tiba hatarajiwi kumsamehe yeyote. Hutarajiwa kulala usiku. Anayeanza kutafuta nafuu aanze na kundi ambamo mwili wake hautetemeki anapoingia mlangoni, hata kama lina watu wa lugha moja tu, na akitaka kwenda kwenye lile la mchanganyiko baadaye aende kwa miguu yake. Nasema hivi nikijua wapo watakaoona kuwa nahimiza ukabila. Sioni hivyo, maana anayelala vizuri ndiye anayeweza kukaa meza moja na jirani yake kwa dhati.

Kisumu hali ina sura nyingine, kwa kuwa wengi walioathirika huko mwaka 2008, na tena mwaka 2017, waliumizwa na polisi. Kumwelekeza mtu wa namna hiyo kuanzia kwenye dawati la jinsia la kituo cha polisi, hata kama maafisa wake ni waungwana, ni kumrudisha penye sare anayoiogopa. Hospitali au ofisi ya kanisa humfaa zaidi kama mlango wa kwanza.

Dawa

Kuhusu dawa kuna hofu kubwa kuliko inavyostahili na pia matumaini makubwa kuliko inavyostahili. Dawa za kundi la sertralini na fluoksetini, ambazo hutumika pia kwa unyogovu, hupunguza dalili kwa baadhi ya watu. Hazina ulevi na hazimfanyi mtu "kuwa wa Mathari", kama wasemavyo mitaani wakitaja hospitali ile ya magonjwa ya akili ya Nairobi. Hata hivyo huchukua wiki nne hadi sita ndipo nafuu ionekane vizuri, huku kichefuchefu na wasiwasi vikiweza kutangulia katika siku za mwanzo, na ndiyo sababu wengi huziacha kabla hazijafanya kazi. Zikisaidia, huendelea kwa miezi mingi na huachwa polepole kwa mwongozo wa daktari.

Zikilinganishwa na mazungumzo, faida za mazungumzo yanayolenga kiwewe hudumu vizuri baada ya tiba kwisha, wakati ambapo anayetegemea dawa pekee anaweza kurudiwa na dalili akiacha. Kwa hiyo dawa isiwe chaguo la kwanza kwa mtu mzima anayeweza kumfikia mshauri mwenye ujuzi. Inapanda daraja mtu anapokuwa na unyogovu mzito, hali chakula, hapati usingizi, hawezi hata kufuatilia mazungumzo. Inapanda pia pale ambapo mshauri hayupo na kliniki ipo. Hospitali ya rufaa ya Nakuru, ile ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo watu wa Kisumu bado wanaiita Russia, na Moi kule Eldoret ndizo watu wengi huelekezwa. Piga hesabu ya nauli: kliniki ni safari moja kwa mwezi, mshauri ni nne. Kwa mtu wa Nyando au wa Kuresoi, tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua, na asionewe haya kwa kuamua hivyo.

Mchungaji, imamu na wazee

Mchungaji hapatikani kwa miadi ya wiki tatu zijazo. Anapatikana leo usiku, bure, na anaijua familia. Kwa maswali ya "kwa nini mimi" na "Mungu alikuwa wapi", yeye au imamu ana maneno ambayo mwanasaikolojia hana. Mila za wazee nazo hufanya kazi ya wazi. Waluo walipofukuza kifo kwa tero buru, kwa mbio, ng'ombe na kelele, huzuni ilipewa mwili na kijiji kizima kikaibeba.

Kipimo changu kwa kiongozi wa dini ni kimoja: je, anakubali kushirikiana? Anayemwombea mtu kisha akamsindikiza kliniki ni hazina. Anayesema jinamizi ni pepo, anayemwambia mgonjwa aache vidonge ili kuonyesha imani, au anayemtaka mke arudi kwa mume anayempiga, huyo anaongeza kiwewe juu ya kiwewe, na familia imwondoe kwenye orodha bila kumwogopa. Kwa jinamizi na mwili usiotulia, maombi peke yake ningeyaweka chini ya tiba ya mazungumzo. Kwa upweke na kukata tamaa, ningeyaweka sambamba nayo.

Kunyamaza na kujitwika kazi, ambako wanaume wengi hukuchagua, huwasaidia baadhi yao wiki za mwanzo. Baada ya hapo, mara nyingi huwa ni kule kukwepa kulikotajwa juu, kukiwa kumevaa nguo za kazi. Pombe haina nafasi katika ulinganisho huu; huharibu hata ule usingizi inaotafutiwa.

Watoto huchaguliwa msaada na watu wazima, kwa hiyo dalili zao zisomwe vizuri: kukojoa kitandani upya, kung'ang'ania mzazi, kuigiza tukio lile lile katika michezo. Baada ya mkasa kama ule wa Shule ya Msingi ya Kakamega, ambapo wanafunzi zaidi ya kumi walikufa katika mkanyagano wa ngazini tarehe 3 Februari 2020, mtoto anayekataa ngazi miezi mitatu baadaye haonyeshi utundu. Kwake mazungumzo yanayomhusisha mzazi au mlezi ndiyo ya kwanza, na dawa huja mwisho. Nambari 116 hupokea simu kuhusu watoto.

Kuna hali moja inayofuta mpangilio wote huu: mtu anayezungumzia kujiua, au anayegawa mali zake na kuaga. Huyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo asiachwe peke yake. Zamani familia ziliogopa kwamba aliyejaribu angeshtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakinzana na Katiba. Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu za msaada wa kisaikolojia bila malipo kupitia 1199.

Lolote litakalochaguliwa, lipewe muda unaolingana nalo kabla ya kuhukumiwa. Dawa isihukumiwe kabla ya wiki sita za kuitumia bila kuruka siku. Mshauri apewe vikao vitano au sita, na ni kawaida jinamizi kuongezeka kidogo mara tu kumbukumbu inapoanza kuguswa, jambo ambalo mshauri mzuri hulitaja kabla halijatokea. Ikiwa baada ya hapo usingizi, hasira na kukwepa havijasogea hata kidogo, mweleze waziwazi na umwombe abadilishe njia au akuelekeze kwa mwingine. Kundi lihesabiwe kwa ishara nyepesi zaidi: kama mtu anajiandaa kwenda bila kusukumwa, aendelee; kama kila juma anaugua asubuhi ya siku ya mkutano, atolewe.